Nishitaki Kabla ya Mwezi wa Tuba

Nazlat Hamdun,
Manfalut, Asyut.
9 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Wajida binti Dahi,

Salaam nyingi zikufikie huko Iskandaria, wewe na mwanao Hani na mkewe na wale wajukuu ambao sijawaona. Natumai kifua kimepoa, maana Bakhit dereva aliniambia mwaka jana kwamba hewa ya bahari inakukohoza. Mimi sijambo. Ini tu ndilo linalonisumbua, ni yale maji ya mfereji tuliyoogelea utotoni, na tumbo limejaa kama la nyati mwenye mimba. Mwezi uliopita daktari alinitoboa akatoa maji lita sita, akasema hajapata kuona mzee wa miaka sabini na tisa akitolewa lita sita bila kushikiliwa na mtu. Nikamwambia hajapata kuona wazee.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, siku nne sasa, sikumwita mtu anisaidie. Wewe ulikuwa ukizicheka herufi zangu, lakini miaka miwili ya chuoni na mitatu ya jeshi imenitosha. Naandikia juu ya mnara wa njiwa, kwa sababu Rifaat mwanangu anaogopa ngazi na hapandi huku. Mimi na tumbo langu hili napanda.

Miaka ishirini na tisa hatujaonana. Kila Iddi nilikuletea bati la samli, na kila mara bati lilirudi tupu, limeoshwa, bila neno. Nilijua kwamba hilo ndilo neno lako. Safari hii Bakhit anakuletea bati na gunia la makomamanga. Usiligawe gunia kabla hujalimwaga lote chini.

Sasa sikiliza, maana wewe tangu utotoni huachi mtu amalize. Jambo lenyewe ni lile shamba la baba, ekari sita za makomamanga. Nataka unishitaki. Nataka uchukue wakili, na wakili nimeshakuchagulia, aniite mimi na Rifaat mahakamani Manfalut kabla ya mwezi wa Tuba kuingia Januari.

Unakumbuka baba alivyofanya, kama wanavyofanya wazee wote wa huku. Aliandika mkataba akiwa hai kwamba ameniuzia mimi shamba lote, ili wewe ukiwa umeolewa mbali ardhi isitoke kwenye jina letu. Kila mtu alijua sikulipa hata senti. Lakini baba alimwogopa Mungu kuliko mimi. Siku ileile alinifanya nipige mhuri wangu kwenye karatasi ya pili, karatasi ya kinyume, inayosema mauzo yale ni ya wino tu, na kwamba akifa theluthi ni yako, ekari mbili za upande wa mfereji. Akampa mama aitunze. Mama akakwambia wewe.

Mama alipokufa ulikuwa bado uko kwenye treni. Mimi nilifungua sanduku lake la harusi kabla maiti haijaoshwa.

Siku ya tatu ya matanga ulisimama kwenye mlango wa chumba cha wanaume, ukasema, "Kaka, ile karatasi ya mama iko wapi?" Nami nikasema mbele ya watu, "Karatasi gani? Mama amekuachia mwiko na ungo, kachukue." Watu wakacheka. Mumeo, marehemu Subhi, Mungu amrehemu, akatazama miguu yake. Wewe hukulia. Ulikwenda jikoni ukachukua mwiko.

Karatasi ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya kopo la halua, na kopo ndani ya tundu la njiwa, la tatu kutoka dirishani, hapa hapa nilipokaa. Njiwa wametagia juu yake miaka yote hii. Usiniulize kwa nini sikuichoma. Mara mbili nilishika kiberiti. Lakini mhuri ule ni wangu, na mimi sijapata kuchoma kitu chenye jina langu.

Utasema, mzee ameona kaburi sasa anatubu. Siyo hivyo, na sitaki unione mtakatifu. Nakueleza lilivyoanza.

Miaka kumi na miwili iliyopita, nilipopasuliwa jicho, Rifaat alisema nimpe hati ya uwakilishi aniendeshee mambo ya maji na mbolea na chama cha wakulima. Wakili nilimchagua mwenyewe. Nilimchagua Shawki, yule mwenye bango la taa na mlango wa kioo, nikamchagua kama mtu anavyochagua tikiti maji, kwa ukubwa. Na ni binamu ya mke wa Rifaat, nikasema vizuri, mambo yabaki nyumbani. Alininywesha chai tatu. Hakuniuliza nina watoto wangapi, hakuniuliza nina dada. Nikatoka nikawatambia wazee wote wa Nazlat Hamdun kwamba wakili wangu hahojihoji watu. Aliisoma ile hati mbio mbio kama imamu mwenye njaa, na ndani yake mlikuwa na maneno haya: kuuza shamba, kwa nafsi yake na kwa wengine. Niliyasikia kwa masikio haya, Wajida. Nikayaona yana mlio wa heshima. Nikapiga mhuri.

Mwezi wa Machi mwaka huu, Nagat binti yangu aliachwa na mumewe huko Mallawi, akaja na binti zake wawili. Nikamwambia Rifaat, wape kile chumba cha karibu na pampu, na ekari moja walime. Rifaat akaingia ndani akatoka na karatasi.

"Baba, shamba lina mwenyewe. Nimelinunua."

"Umelinunua kwa nani?"

"Kwako."

"Nilikuuzia lini mimi?"

"Siku ile ya mhuri."

"Na aliyeuza kwa niaba yangu ni nani?"

"Mimi."

"Na aliyenunua?"

"Mimi, baba. Ni halali. Muulize Shawki."

Alisema kwa adabu, hakupandisha sauti. Mimi ndiye niliyepiga kelele mpaka nyati zizini wakageuka. Nagat alikuwa amesimama mlangoni na begi lake. Mlango uleule. Akaniuliza, "Baba, shangazi Wajida alisimama hapa?"

Nikamwambia anyamaze. 

Sasa yuko Helwan, anapakia biskuti kiwandani, analala chumba kimoja na wanawake wanne na watoto. Simu yangu haipokei. Haoshi bati wala harudishi kitu, maana hapokei kitu. Nimejua wewe ulikuwa mpole kwangu.

Mwezi wa Juni nikaenda kwa Shawki peke yangu, nikamwambia nataka kufuta ile hati, na ekari mbili za mfereji zirudi kwa dada yangu. Akanimiminia chai. Akasema, "Haji, wewe ni baba yetu. Kunywa kwanza, nimpigie Rifaat aje tuelewane." Hapo ndipo nilipojua wakili wangu ni wa nani. Rifaat akaja kunichukua, na tulipofika nyumbani akasema, "Baba, kitambulisho chako kinazunguka sana mjini, kisije kikapotea." Tangu siku hiyo kadi yangu iko mfukoni mwake. Bila kadi siwezi kwenda kwa msajili kufuta kitu wala kuandika kitu. Mimi, Mahrus bin Dahi, niliyekuwa nikisimama kati ya koo mbili zikiwa na bunduki nikazirudisha nyumbani, sasa siwezi kununua hata laini ya simu.

Lakini mshitakiwa hahitaji ruhusa ya mwanawe. Hilo nililifikiria mwenyewe, wala hakuna wakili aliyenifundisha. Mtu akishitakiwa anaitwa, akiitwa anakwenda, na hakimu akimuuliza anajibu. Kwa hiyo nikaanza kukutafutia wakili wa kunishitaki.

Nilimwambia Rifaat nakwenda hospitali kwa ajili ya tumbo, Bakhit akanipandisha lori. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyekuwa hakimu zamani. Alizungumza kwa ufasaha kama anahutubia watu mia, na tulikuwa wawili na nzi. Alisema hajapata kushindwa kesi. Mimi kwa kujisifu nashindana na mtu yeyote, lakini hata mimi nakubali kwamba nyati wawili walinifia mkononi. Na alitaka nimwachie karatasi zote za asili bila stakabadhi. Nikamwambia nimeacha miwani kwenye lori, nikatoka, sikurudi.

Basi nikafanya kama ninavyofanya sokoni. Miaka hamsini nimenunua nyati, na sikupata kumwamini mwuzaji, nilikuwa nikisimama kando nikimtazama mnyama anavyotembea akidhani hatazamwi. Nilikaa siku tatu kwenye kibanda cha chai mbele ya mahakama. Sikuwatazama walioshinda, maana aliyeshinda anambusu wakili yeyote. Niliwatazama walioshindwa wakitoka. Mmoja anamtukana wakili wake, mwingine wakili ameshaondoka kwa mlango wa nyuma. Siku ya tatu akatoka mwanamke wa vijijini, mjane, ameshindwa, analia, na bado ameshika mkono wa wakili wake hauachii, na wakili anamweleza polepole kitu cha kufanya kesho. Nikamuuliza mwenye chai, "Yule ni nani?"

"Yule Ustadha Demiana, haji. Huyo hakufai. Wenzake hawamsalimii."

"Kwa nini?"

"Hali chakula na upande wa pili."

Ofisi yake iko juu ya mchinja kuku, ngazi zimejaa manyoya. Hana mlango wa kioo, mlango wenyewe haufungi. Ni Mkristo, umri wake kama wa mjukuu wangu mkubwa. Nilikaa kabla hajanikaribisha, kama kawaida yangu.

"Umekuja kwa ajili ya nani, haji?"

"Dada yangu."

"Anajua?"

"Hajui. Mimi ndiye kaka mkubwa, anachojua ni ninachomwambia."

"Basi umepotea njia. Mimi sichukui kesi ya mtu ambaye hajaniomba. Dada yako ana mdomo?"

"Anao, tena mrefu."

"Autumie basi."

Samahani, Wajida, ndivyo tulivyozungumza. Nikamtolea kopo la halua. Aliisoma karatasi mara mbili, akainuka akaisoma tena dirishani.

"Huu mhuri ni wa nani?"

"Wangu."

"Na aliyeificha?"

"Njiwa."

Hakucheka. Akaikunja akanirudishia, akasema, "Haji, kuanzia hapa usiniambie neno lingine. Dada yako akiniajiri, wewe utakuwa upande wa pili, na kila utakalosema nitalitumia dhidi yako. Unaelewa?"

"Hicho ndicho nilichopandia ngazi."

"Basi shuka. Na siwezi kukupa chai."

Wallahi nilishuka nikiwa na furaha. Nimenyweshwa chai na mawakili maisha yangu yote na kila kikombe kimenigharimu ekari. Huyu hakunipa hata maji. Ndiye nikakuchagulia.

Kabla sijashuka alinikubalia mambo mawili tu, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi nikupe, na nimekitia ndani ya bahasha. La kwanza, sheria inasema mtu akikalia urithi wa mwenzake miaka thelathini na mitatu, mwenye haki hana tena la kudai. Baba alikufa tarehe kumi na tatu Januari mwaka 1993, siku ya tano ya Tuba, ile baridi iliyoua mche wa ndimu. Hesabu mwenyewe. Umebakiwa na miezi mitatu na siku nne. Nadhani Rifaat na Shawki wamehesabu pia, maana wanatembea taratibu sana.

La pili, nenda kwa msajili wa hapo Iskandaria umwandikie Ustadha hati ya uwakilishi. Iwe ya kesi tu. Karani atataka kukuandikia ile ndefu, atasema ndiyo ya kawaida. Kataa. Mfanye akusomee neno kwa neno, na akifika kwenye kuuza kwa nafsi yake na kwa wengine, mwambie ayakate maneno hayo mbele yako. Akikasirika mwache akasirike. Usiniige mimi kwa kuona haya mbele ya mtu mwenye kalamu.

Karatasi ya kinyume iko katikati ya gunia, ndani ya kopo lake la halua, nimeifunga kwa kitambaa cha kilemba changu. Usimpe mtu bila stakabadhi, hata Ustadha. Yeye mwenyewe atakuheshimu.

Rifaat atasema akili yangu imeharibika. Shawki ataleta daktari. Waache. Nitasimama mbele ya hakimu nimtajie babu zetu mpaka wa tisa, na bei ya kila nyati niliyemnunua tangu mwaka 1968, na jina la aliyeniuzia, na nani alinidanganya. Halafu nitasema mhuri ni wangu, na mauzo hayakuwapo, na karatasi niliiiba mimi kwenye sanduku la maiti. Sikuombi msamaha kwenye barua, maana msamaha wa barua mtu anaweza kuukana kesho, nami najijua. Nitausema pale, uwepo usiwepo, na karani atauandika.

Ukizipata ekari zako zifanyie utakalo. Siweki sharti. Namba ya Nagat nimeiandika nyuma ya kipande cha Ustadha. Ana mikono ya kazi na anajua kupogoa makomamanga kuliko Rifaat. Nakwambia tu.

Lakini fanya haraka. Daktari hakuniambia siku zilizobaki, alimwambia Rifaat, na tangu hapo Rifaat ananisalimia vizuri mno. Nyumba na mnara havikuwemo kwenye ile hati, na anahitaji mkono wangu. Wiki iliyopita niliamka usingizi wa adhuhuri nikamkuta ameketi kando ya kitanda, kibweta cha wino wa buluu kikiwa wazi kwenye goti lake.

"Wino wa nini?"

"Wa daftari la chama, baba. Lala."

Wewe unajua na mimi najua ni wazee wangapi wa kijiji hiki waliuza nyumba zao baada ya kukata roho. Babu Shihata tulimwosha na kidole gumba chake kilikuwa cha buluu. Mimi nilikuwepo, nikakisugua kwa sabuni na sikusema kitu.

Kwa hiyo mhuri wangu wa shaba nimekuletea wewe. Utaukuta ndani ya kopo, chini ya karatasi. Miaka sitini umening'inia shingoni mwangu na haujapata kulala nyumba nyingine. Usiutumie, uweke tu. Kidole siwezi kukutumia. Nalala nimekikunja ndani ya ngumi, na ngumi chini ya shavu, kama ulivyokuwa ukinicheka nilipokuwa mtoto. Ukipata habari kwamba nimekufa kabla ya siku ya mahakama, usianze kulia. Mpigie Ustadha kwanza, amtafute mwosha maiti, amuulize kidole gumba alikiona cha rangi gani.

Nisalimie Hani, mwambie mjomba wake anamfahamu kwa sifa. Nisalimie mkewe na watoto, na yule mama Aziza jirani yako aliyekuwa akikusomea barua zamani. Akikusomea na hii, mwambie aseme sauti nilivyoandika, asinitengeneze. Kaburi la Subhi lisomee Fatiha kwa niaba yangu, mwambie yule aliyemfanya atazame miguu yake ni mimi.

Mungu akupe pumzi ndefu kuliko yangu, akufikishe Tuba ukiwa na haki yako mkononi, na akukutanishe nami mahali penye hakimu.

Nimetia sahihi kwa kalamu, kwa kuwa mhuri unao wewe.

Kaka yako akupendaye, mshitakiwa wako wa kwanza,

Haji Mahrus bin Dahi